Dar hadi Kigoma: Kilomita 1,077 na Bei ya Kuwahi



Wiki hii nilipangiwa kuandika mada nyingine kabisa. Nimeomba kubadilishiwa, na naomba mnivumilie, maana kuna jambo limenikaa kooni na nisipolisema litanizuia hata kusoma.

Bibi yangu mzaa mama alifariki Ujiji, usiku wa kuamkia Jumamosi. Simu ya mjomba iliingia saa tano usiku, niko hosteli, nimejifungia na kitabu cha sheria ya ushahidi. Aliposema "mwanangu, kaa chini kwanza," nikajua. Akaniambia wataoshwa maiti baada ya Adhuhuri, na mazishi ni baada ya Alasiri, kwenye saa kumi na moja kasoro. Kwetu maiti hacheleweshwi. Hata mjukuu awe Dar, hata awe Ulaya, maiti hacheleweshwi.

Nikafanya kile ambacho mtu wa umri wangu anafanya akichanganyikiwa. Nikashika simu. Nikaandika umbali wa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi uwanja wa ndege wa Kigoma. Jibu likaja kabla machozi hayajakauka: kilomita 1,077, muda wa kuruka saa 1 na dakika 51.

Nikahesabu. Kutoka saa tano usiku hadi kesho saa kumi na moja jioni kasoro nina karibu masaa kumi na nane. Safari ni masaa mawili. Nitawahi. Nikampigia mama, nikamwambia, "Mama, msimfunike uso, nakuja."

Sikuwahi.

Kijana mmoja wa wakala wa tiketi alinijibu WhatsApp saa sita usiku: "Dada imebaki moja ya kesho saa nne asubuhi, inapitia Tabora, 412,000." Mimi nilikuwa na 93,000. Nikaweka tangazo kwenye grupu la darasa. Naomba niseme wazi kwamba sijawahi kuona watu wanapendana kama usiku ule. Watoto wa wakulima, wa mama lishe, wa madereva wa bodaboda, wakawa wanatuma elfu tano, elfu kumi, mmoja alituma elfu mbili na mia tano akaomba samahani. Saa kumi alfajiri tulikuwa tumefika 340,000. Nikamwandikia yule kijana nimwombe aishikilie. Akajibu neno moja: "Imeenda."

Simlaumu. Wala hapa sitaji kampuni ya mtu, kwa sababu sikuja kulalamikia kampuni. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Mbezi, ndani ya basi.

Saa ile bibi yangu anatolewa nyumbani, basi letu lilikuwa limefika Manyoni na abiria tumeshuka kuchimba dawa. Wanawake kwetu hatuendi makaburini, kwa hiyo sikukosa kaburi. Nilikosa kumuosha na kumuona uso. Nilishuka Kigoma saa kumi na nusu alfajiri ya Jumapili. Masaa ishirini na mawili na nusu.

Sasa, tangu siku ile nimekuwa najiuliza swali moja: Kigoma iko mbali kiasi gani na Dar es Salaam?

Hesabu ya simu na hesabu ya mtu

Ile hesabu ya simu si uongo. Inachukua sehemu viwanja viwili vilipo kwenye ramani ya dunia, inavuta mstari mfupi kuliko yote juu ya duara la dunia, inapata kilomita. Kisha inagawa kwa mwendo wa ndege kubwa, kama kilomita 800 kwa saa, na kuongeza nusu saa ya kuruka na kutua. 1,077 gawanya kwa 800, jumlisha nusu saa, unapata saa 1 na dakika 51. Umemaliza.

Tuiongezee ukweli kidogo. Ndege ndogo za mapangaboi zinazotumika sana kwenye viwanja vya mikoani, kama Dash 8 Q400 yenye viti 76, zinakwenda kama kilomita 650 kwa saa. Hapo inakuwa saa mbili na dakika kumi. Ikipitia Tabora, ongeza. Ongeza kufika uwanjani mapema, ongeza foleni ya kwenda huko. Tuseme mlango hadi mlango ni masaa sita au saba. Bado ningemkuta bibi.

Barabara haipiti kwenye ule mstari. Hata ukichukua njia fupi ya Manyoni na Tabora, ni zaidi ya kilomita 1,200, na basi haliruhusiwi kuzidi 80 kwa saa. Kwa mwendo huo bila kusimama hata mara moja ni masaa kumi na tano. Lakini basi linasimama. Mizani, matrafiki, chakula, abiria wa njiani, pancha. Ukigawa safari yangu unapata kama kilomita 55 kwa saa. Na hapo tushukuru kwamba mwaka 2023 marufuku ya mabasi kutembea usiku iliondolewa. Kabla ya hapo ningelala njiani.

Kuna reli pia, tena sisi watu wa Kigoma ndio mwisho wa reli. Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, kilomita 1,252 kutoka Dar. Zaidi ya miaka mia moja sasa. Reli hiyo hiyo ya zamani bado ndiyo inayofika kwetu, na kwa mtu mwenye haraka ya msiba haimfai kitu.

Na kuna jambo lingine nililoliona baada ya kucheza na zile ramani. Kwa mstari ulionyooka, Kigoma hadi Bujumbura ni kama kilomita 180. Hadi Kigali ni kama 330. Hadi Nairobi ni kama 900. Yaani mtoto wa Ujiji yuko karibu na mji mkuu wa Kenya kuliko alivyo karibu na Dar es Salaam, mji wenye hospitali kubwa ya taifa, bandari kubwa na chuo anachosoma. Hata jua linajua hilo. Tuna saa moja nchi nzima, lakini jua la Kigoma linachelewa kama dakika 38 nyuma ya la Dar. Ramadhani watu wa Kariakoo wameshafuturu na wanakunywa chai, sisi bado tunaangalia mawingu. Nchi ni moja na saa ni moja, ila ni kubwa kuliko tunavyokumbuka tukiwa Dar.

Umbali unauzwa

Hapa ndipo ninapotaka tufike. Kati ya Dar na Kigoma hakuna umbali mmoja. Kuna umbali wa masaa mawili na kuna umbali wa masaa ishirini na mawili, na kinachotenganisha hizo mbili ni hela. Usiku ule kilomita zilikuwa zile zile kwangu na kwa mtu aliyechukua kile kiti. Yeye alikuwa na 412,000 saa sita usiku, mimi nilikuwa nazo pungufu hadi saa kumi alfajiri.

Mwanafunzi wa mkopo anahesabiwa bumu la 10,000 kwa siku, chakula na malazi. Kiti kile ni bumu la siku 41. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa serikali, baada ya nyongeza ya Julai 2025, ni 500,000 kwa mwezi. Mwalimu wa Kasulu aliyepo Dar kikazi akipigiwa simu kama yangu, kwenda tu ni zaidi ya robo tatu ya mshahara huo. Kwenda na kurudi kwa bei ile, mwezi mzima umekwisha na deni juu.

Tena angalieni mpangilio wenyewe. Nauli ya basi inapangiwa ukomo na LATRA. Kondakta akikuzidishia unaweza kumshtaki, na mimi nimeshuhudia watu wakirudishiwa chenji yao. Nauli ya treni ya SGR nayo imepangwa, Dar hadi Dodoma daraja la kawaida ni 31,000, unajua leo na unajua kesho. Nauli ya ndege inapanda kadri siku inavyokaribia. Mfanyabiashara aliyepanga safari yake mwezi mmoja kabla anapata bei nzuri. Aliyefiwa leo anapata bei ya leo. Kifo hakina booking ya mapema, jamani. Ugonjwa hauna. Yaani mfumo umekaa hivi: mwenye shida zaidi ndiye analipa zaidi.

Sheria inahesabu siku, haihesabu kilomita

Kwa kuwa nasoma sheria, niruhusuni kidogo.

Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kwenda popote ndani ya Jamhuri ya Muungano. Tunaifundishwa kama haki ya kutozuiwa: polisi asikufunge njia, mkuu wa wilaya asikuambie rudi ulikotoka. Sawa. Hakuna aliyenizuia mimi. Barabara ilikuwa wazi, uwanja ulikuwa wazi, anga lilikuwa jeupe. Kwa tafsiri hiyo haki yangu haikuguswa.

Lakini Ibara ya 9 inaielekeza serikali kuhakikisha utajiri wa taifa unatumika kwa maendeleo ya wananchi na kuondoa umaskini, ujinga na maradhi. Maneno mazuri sana. Kisha unarudi Ibara ya 7, unakuta kwamba masharti ya sehemu ile hayawezi kutiliwa nguvu na mahakama yoyote. Kwa hiyo siwezi kwenda Mahakama Kuu kudai nauli. Mwalimu wetu mmoja alituambia darasani kwamba mlango ukifungwa mahakamani, unaobaki wazi ni wa siasa. Ndiyo maana naandika hapa na si kwenye karatasi ya mahakama.

Na umbali huu una madhara ya kisheria kila siku. Mtu anayetaka kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ana siku 30 za kutoa taarifa ya rufaa. Thelathini zile zile kwa mtu wa Masaki na kwa mtu wa Kakonko. Najua sasa kuna kufungua kesi kwa mtandao, na ni hatua nzuri, sikatai. Lakini nyaraka za ardhi ziko kijijini, shahidi yuko kijijini, wakili mzoefu wa rufaa yuko Dar, na mteja anataka kumwona mtu anayembebea kesi yake. Siku mbili za kwenda na mbili za kurudi barabarani zinatoka kwenye siku zake, hazitoki kwenye siku za mtu mwingine.

Tuseme ukweli na sisi wenyewe

Sasa nije kwenye sehemu ambayo baadhi yenu mtanikasirikia.

Sisi upinzani, tangu ndege zilipoanza kununuliwa mwaka 2016, wimbo wetu umekuwa mmoja: ndege za nini wakati zahanati hazina dawa? Na tulikuwa na hoja. Mwaka 2017 Tundu Lissu alipofichua kwamba Q400 yetu imeshikiliwa Canada kwa sababu ya deni la kampuni ya ujenzi wa barabara, alikuwa na haki ya kuuliza, na waliomtukana walikuja kunyamaza. Tulikuwa na haki ya kuuliza utaratibu wa ununuzi, na bado tunayo.

Lakini "ndege za nini?" si swali tena. Ndege zipo. Zimenunuliwa kwa kodi ya mama anayeuza dagaa Kibirizi na mkulima wa michikichi, ambao hawajawahi kukanyaga ngazi yake. Swali la leo ni kwamba zikishakuwa zetu, anapanda nani?

Ripoti ya CAG ya mwaka wa fedha 2023/24 ilionyesha kwamba ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 91.8. Mwaka uliotangulia ilikuwa bilioni 56.6. Uliotangulia huo, bilioni 35.2. Tuwe waungwana, sehemu ya hasara hiyo imetokana na ndege kukaa chini kwa tatizo la injini za Airbus A220, tatizo ambalo limewasumbua mashirika mengi duniani. Shirika halikuzitengeneza injini hizo. Ila hasara ni hasara, na mwenye kuibeba mwisho wa siku ni mlipa kodi.

Hapa kuna jibu la wale wanaosema "kuwapa ruzuku wapanda ndege ni kuwapa matajiri." Nimelisikia hata kwenye vikao vyetu, na ni hoja nzito, siibezi. Mtu anayepanda ndege kwa kawaida ana nafuu kuliko anayepanda basi. Kwa nini mwenye basi amchangie mwenye ndege?

Jibu langu ni kwamba tayari anamchangia. Hasara ya bilioni 91.8 ni ruzuku, tofauti ni kwamba haina jina wala masharti. Kila anayekaa kwenye kiti kinachouzwa kwa hasara amelipiwa sehemu ya nauli na nchi nzima, awe mkurugenzi anayekwenda semina au mjumbe wa bodi anayefuata posho. Hatukuwahi kukaa bungeni tukaamua kwamba hao ndio wa kusaidiwa. Imetokea tu. Mimi nasema kama tunachangia, basi tuchague tunamchangia nani.

Tufanye hesabu, na naomba mtu yeyote aikosoe. Chukua ndege ya viti 76. Tenga viti 6 kwa kila safari, kwa ajili ya aliyefiwa na mgonjwa wa rufaa na anayemsindikiza. Tuseme kila kiti serikali inafidia 200,000. Hiyo ni 1,200,000 kwa safari. Tuseme kuna safari moja kwenda na moja kurudi kila siku ya mwaka, jumla safari 730. Inakuja shilingi milioni 876 kwa mwaka. Haifiki asilimia moja ya ile hasara. Na nimepiga hesabu kama vile viti vyote 6 vinajaa kila siku, jambo ambalo Mungu aepushe.

Kwa pesa hiyo, wajukuu wengi wangewahi.

Wenzetu wamefanya

Wala si jambo geni. Marekani, nchi ya soko huria kuliko zote, walipofuta udhibiti wa nauli za ndege mwaka 1978 waliona mapema kwamba miji midogo itaachwa. Ndani ya sheria hiyo hiyo wakaweka mpango wa kulipia safari za lazima kwenye miji hiyo, na upo hadi leo. Hispania inawapunguzia wakazi wa visiwa vya Canarias na Baleares asilimia 75 ya nauli ya kwenda bara, tangu 2018 kwa kiwango hicho. Scotland ina mpango wa punguzo kwa watu wa visiwani na kaskazini ya mbali tangu 2006, na sasa punguzo hilo ni asilimia 50.

Umoja wa Ulaya una kanuni ya mwaka 2008 ambayo kila mwanafunzi wa sheria mwenye nia ya siasa aisome. Inairuhusu nchi kutangaza kwamba njia fulani ni ya huduma kwa umma, ikaweka masharti ya idadi ya safari, viti na nauli ya juu. Ikikosekana kampuni ya kukubali, nchi inatangaza zabuni ya wazi, mshindi anapewa njia hiyo peke yake kwa muda usiozidi miaka minne kwa kawaida, na analipwa fidia. Kila kitu kimeandikwa. Raia anajua ameahidiwa nini, na asipopata anajua pa kwenda.

Hicho ndicho ninachokipenda. Kwetu safari ya Kigoma inawekwa na inaondolewa kama mtu anavyopanga meza ya sebuleni kwake. Leo ipo ya moja kwa moja, kesho inazungukia Tabora, keshokutwa ratiba imebadilishwa, na hakuna karatasi ambayo mwananchi anaweza kuishika mkononi akasema "hapa mliniahidi."

Tunachotaka

Naleta mapendekezo manne. Naomba yaingie kwenye ajenda ya vijana kabla ya mkutano ujao, yajadiliwe, yakosolewe, yapigiwe kura.

Moja, hesabu za kila njia ziwekwe wazi. Ibara ya 143 imempa CAG kazi yake na anaifanya, lakini hasara inatajwa kwa jumla. Tunataka kujua njia ya Kigoma inaingiza ngapi na inakula ngapi, na ya Mpanda, na ya Bukoba, na zile za nje ya nchi pia. Inawezekana kabisa mikoani tunasingiziwa hasara ambayo si yetu. Inawezekana pia ni yetu. Vyovyote vile, tujue.

Mbili, sheria itamke njia za huduma kwa umma. Bunge liirekebishe Sheria ya Usafiri wa Anga ili mikoa ya mbali iwe na idadi ya chini ya safari na nauli ya juu kabisa isiyovukwa, kwa zabuni ya wazi. Kampuni binafsi nazo ziruhusiwe kushindania, isiwe zawadi ya shirika moja.

Tatu, nauli ya msiba na ya rufaa. Bei moja, iliyotangazwa, isiyopanda kwa sababu ni usiku wa manane. Uthibitisho uwe barua ya mtendaji wa kata au ya hospitali, hata ukiuleta ndani ya siku saba baada ya safari. Najua wapo watakaodanganya. Wapo pia wanaodanganya kwenye posho za safari na hatujafuta posho. Anayedanganya alipe mara tatu.

Nne, reli. Ndege haitabeba Kigoma nzima, na mimi si mtoto wa kuamini hivyo. SGR inakimbia Dar hadi Dodoma kwa masaa matatu na nusu hivi, na nimeipanda, ni nzuri, sina sababu ya kuisema vibaya kwa sababu tu imejengwa na wao. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Tunataka ratiba ya kipande hicho iwekwe hadharani kila robo mwaka: kimefika wapi, kimelipwa ngapi, kinamalizika lini. Treni ya aina ile ikifika kwetu, safari inaweza kuwa ya mchana mmoja kwa nauli ambayo mama wa dagaa anaimudu. Hapo ndege itabaki kuwa ya dharura, na itakuwa sawa.

Mtu ataniambia, wewe unaleta siasa kwenye msiba wa bibi yako. Nimelifikiria hilo, tena sana. Bibi mwenyewe alikuwa mtu wa siasa kuliko mimi. Alipiga kura kila uchaguzi aliouwahi, na alikuwa na tabia ya kuwauliza wagombea swali moja tu kila wakija mtaani na magari yao: "Wewe umekuja na nini, na utarudi lini?" Wengi walijibu la kwanza.

Nilipofika ile alfajiri, mama alikuwa amekaa barazani. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Aliniuliza kama nimekula. Kisha akanipa kanga aliyojifunika bibi siku ya mwisho, akasema, "Hii nimekuwekea, wengine wote wameshagawana." Nimekuja nayo Dar. Iko kwenye begi, sijaivaa.

Fedha zile za grupu, 340,000, nilimrudishia kila mtu chake, ukitoa nauli ya basi ambayo walikataa nisiirudishe. Kwa hiyo naomba mjue kwamba hili si ombi la mchango. Tumeshachanga. Tunachanga kila tukinunua sukari, kila tukiweka vocha, kila bibi fulani akinunua chumvi ya Uvinza. Tunachouliza ni kiti chetu.

Naomba kuwasilisha.